Mfalme Aliyebaki Sokoni: Senti ya 1936 na Msako wa Kilicho Adimu

Tarehe 11 Desemba 1936, Edward wa Nane alikoma kuwa mfalme wa Uingereza. Alikuwa amekikalia kiti tangu Januari 20 ya mwaka huo, na siku ya kutawazwa hakuifikia. Mafundi wa Royal Mint, kiwanda cha serikali cha kupiga sarafu jijini London, walikuwa wameshatayarisha mihuri yenye sura yake, wakingoja mwaka 1937 uanze wapige pesa mpya. Ikabidi kazi yote iachwe. Sarafu chache za majaribio zilifungiwa, na nchini Uingereza hakuna raia aliyepata kurudishiwa chenji yenye jina la mfalme huyo.

Afrika Mashariki mambo yalikwenda kinyume. Senti tano na senti kumi zenye jina la Edward zilipigwa kwa mamilioni, zikasambazwa kutoka pwani hadi Uganda. Katika masoko ya Gusii nchini Kenya, kuanzia Kisii mjini hadi Keroka na Nyamira, zilinunua chumvi na kiberiti mpaka uhuru ukapatikana. Kitu ambacho London kilikuwa adimu kuliko almasi, Kisii kilikuwa chenji ya kawaida.

Leo dunia imeshikwa na msako wa vitu adimu. Watu wazima hupanga foleni alfajiri kununua pakiti za kadi za michezo wakitarajia kuikuta ile moja isiyopatikana, na vijana wetu hufanya vivyo hivyo kwenye simu. Naamini historia ya senti ya Gusii inatueleza vizuri jinsi uadimu unavyozaliwa, unavyowavuta watu, na unavyoweza kuharibu kile kilichowavuta.

Pesa inapanda milimani

Kabla ya ukoloni, utajiri wa Abagusii ulihesabiwa kwa ng'ombe. Mahari ililipwa kwa ng'ombe, na faini vivyo hivyo. Mahitaji madogo yalipatikana kwa kubadilishana: wimbi la milimani lilikutana mpakani na vyungu, vikapu na mifugo ya Wajaluo wa nyanda za chini. Mzee aliweza kuishi na kufa bila kushika sarafu hata moja, na hakuna aliyemwita maskini.

Mwaka 1907 Waingereza walianza kujenga boma lao mahali panapoitwa Getembe, ambapo leo ni Kisii mjini. Januari 1908, Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki afisa wa wilaya, G. A. S. Northcote, na jeshi la King's African Rifles likaja kulipiza kisasi. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakatekwa, watu wakauawa. Baada ya moshi kutulia, ilifuata kodi ya nyumba, na kodi hiyo ilidaiwa kwa pesa taslimu. Hivyo ndivyo sarafu ilivyoingia Gusii: ilianza kama deni la serikali, ndipo ikawa chombo cha soko.

Pesa ya wakati huo ilikuwa rupia, iliyotoka India na kutumika kwanza pwani. Serikali ya kikoloni iliigawa katika senti mia moja, na kuanzia 1907 ikatoa sarafu ndogo zenye tundu katikati. Tundu lilikuwa na sababu. Watu wengi walivaa ngozi na shuka zisizo na mifuko, kwa hiyo sarafu ilibidi iweze kutungwa kwenye uzi na kuning'inizwa. Sarafu za kwanza za senti moja zilikuwa za alumini. Unyevu wa pwani uliziharibu upesi, na baada ya miaka miwili hivi zikabadilishwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli.

Septemba 1914 vita vya Wazungu vilifika mlangoni. Kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka kutoka koloni lao, ambalo baadaye liliitwa Tanganyika, na kuiteka Kisii, na tarehe 12 mapigano makali yalipiganwa mjini kabla hawajarudi nyuma. Upande wa pili wa mpaka, vita hivyohivyo vilizaa mojawapo ya sarafu zinazosakwa zaidi katika bara letu. Manowari za Uingereza zilifunga njia ya bahari, pesa kutoka Ulaya ikakatika, na mwaka 1916 Wajerumani wakageuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha sarafu. Kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke walipiga sarafu ya rupia 15 yenye ndovu aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Zilipigwa 16,198 tu, na Septemba mwaka huo Tabora ikaanguka mikononi mwa Wabelgiji. Sambamba nazo zilipigwa heller 20 za shaba, nyingi sana na za sura mbovu, kwa ajili ya mishahara na soko. Leo ndovu wa dhahabu hugombaniwa kwenye minada ya Ulaya, na ile heller iliyomlisha askari na mpagazi huuzwa kwa bei ndogo.

Hakuna aliyekaa Tabora akapanga kwamba sarafu ile iwe adimu. Uadimu wake ulitoka kwenye vita, njaa ya pesa na haraka ya kukimbia.

Rupia yayeyushwa, shilingi yazaliwa

Baada ya vita thamani ya rupia ilipanda mno dhidi ya pauni, na walowezi wenye madeni wakalalamika. Mwishoni mwa 1919 Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London. Mwaka 1920 ikaleta florini badala ya rupia, na florini yenyewe haikudumu. Kuanzia Januari 1922 shilingi ikachukua nafasi yake. Florini na ndugu zake wadogo wa 1920 walirudishwa na kuyeyushwa, na ndiyo sababu sarafu zilizonusurika za mwaka huo ni miongoni mwa adimu kabisa za Afrika Mashariki.

Mkulima wa Gusii aliyaona mabadiliko hayo kwa jicho lingine. Katika muda wa miaka miwili hivi aliambiwa kwamba pesa aliyoificha darini si pesa tena, kisha akaambiwa hivyo mara ya pili. Kila badiliko lilimtaka aende dukani au kwa chifu kubadilisha, tena aamini hesabu aliyofanyiwa na mwingine. Mkusanyaji wa leo anayeishika florini ya 1920 kwa furaha anashika pia ushahidi wa hasara za watu wa kawaida, na ni haki aujue.

Kodi nayo haikungoja. Katika miaka ya 1920, baada ya kupandishwa hadi shilingi 16 na kuamsha upinzani, ilishushwa kuwa shilingi 12. Kwa anayelipa kwa senti kumi, hizo ni sarafu 120. Vijana wengi wa Gusii walizitafuta kwa kuvuka kwenda Kericho, ambako mashamba makubwa ya chai yalianza kupandwa katikati ya miaka hiyo. Waliondoka na shuka, wakarudi na blanketi na uzi wa senti.

Senti yenyewe

Tuishike sasa senti kumi ya 1936. Ni ya shaba, pana kiasi cha milimita 30, kubwa kuliko wengi wanavyotazamia kwa pesa ndogo hivyo. Upande mmoja una taji juu ya tundu, na kandokando yake maandishi ya Kilatini yanayomtaja Edward wa Nane kuwa mfalme na kaisari wa India. Upande wa pili pembe mbili za ndovu zimelizunguka tundu, pamoja na jina la Afrika Mashariki na mwaka. Ukiitazama kwa makini unaweza kuona herufi ndogo: H ikiwa ilipigwa na kampuni ya Heaton ya Birmingham, KN ikiwa ni ya King's Norton. Ikiwa haina herufi, ilitoka Royal Mint.

Tundu lile ndilo lililoamua yote. Kwa kuwa katikati ya sarafu ni wazi, hapakuwa na nafasi ya kichwa cha mfalme, na bila kichwa hapakuwa na haja ya kungoja picha. London walikuwa bado wanahangaika na sura, kwani Edward alitaka atazame kushoto ilhali desturi ilimtaka atazame kulia. Viwanda vilibadilisha jina tu kwenye mihuri ya Afrika Mashariki na kuendelea na kazi. Kwa njia hiyohiyo jina lake lilifika Afrika Magharibi, Fiji na New Guinea.

Senti hizo zilipowasili, Gusii ilikuwa inabadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 serikali iliruhusu Waafrika wa Kisii, Meru na Embu kupanda kahawa, zao lililokuwa limehodhiwa na walowezi. Chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuipanda. Miche ya kwanza ilikuwa inaanza kuzaa wakati senti za Edward zinaanza kuzunguka. Kwa hiyo sarafu ya mfalme aliyetawala karibu miezi kumi na moja ilishuhudia pesa ya kwanza ya shambani ambayo mkulima wa Gusii aliipata nyumbani kwake, bila kwenda Kericho wala kuuza ng'ombe. Ilipita sokoni, dukani kwa Mhindi, kwenye sadaka ya misa Nyabururu na ya Sabato Nyanchwa, na kwenye ada ya shule. Wazee waliokuwa watoto siku hizo bado huitaja ndururu, ile senti tano, kwa mapenzi.

Na London? Ile mihuri iliyosimama ilizaa hadithi za ajabu. Vipande vichache vya peni tatu, vya shaba ya manjano na pembe kumi na mbili, vilikuwa vimeazimwa watengenezaji wa mashine za kuuzia bidhaa ili wapime kama zitavikubali. Baadhi havikurudi, na kila kimoja kilichojitokeza baadaye kimetikisa mnada. Januari 2020 sarafu ya dhahabu ya Edward ilinunuliwa kwa pauni milioni moja. Anayekusanya wafalme wote wa Uingereza na hana milioni hana budi kukimbilia ile senti yetu yenye tundu, ambayo bado hupatikana kwa dola chache. Msako wa kile kisichopatikana umeitangaza sarafu ya Gusii mpaka Australia na Kanada. Hiyo ni faida ya kweli ya kitu adimu: huufungua mlango, na anayeingia akiwa na subira hukuta nyumba nzima.

Uadimu unaotengenezwa

Septemba 1966 Benki Kuu ya Kenya ilitoa noti zake za kwanza, na sarafu za Kenyatta zikafuata. Tundu lilikwenda na wakoloni, senti za zamani zikakusanywa, na zilizosahaulika zikabaki kwenye vibuyu na masanduku ya bati. Mwaka uleule zilipigwa sarafu za dhahabu za shilingi 100, 250 na 500 kwa heshima ya Mzee Kenyatta kutimiza miaka 75. Ile ya 500 ilipigwa kwa mamia tu. Hakuna aliyenunua chumvi kwa sarafu hiyo. Ilizaliwa ikiwa adimu, kwa kuwa mtu aliketi mezani akaandika idadi.

Hapo ndipo njia mbili za uadimu zinapoachana, na kadi za michezo zinalionyesha jambo hilo kuliko kitu kingine chochote. Kati ya 1909 na 1911 kampuni ya American Tobacco iliweka picha za wachezaji wa besiboli ndani ya pakiti za sigara, jumla ya picha 524. Kadi ya Honus Wagner iliondolewa mapema. Wengine husema hakutaka watoto wanunue sigara ili wampate, wengine husema alitaka malipo. Zilizobaki zinakisiwa kuwa chini ya 100, na mwaka 2022 moja ilinunuliwa kwa dola milioni 7.25. Kadi ya Mickey Mantle ya 1952 nayo ilikuwa katika toleo lililodorora. Mtu wa kampuni ya Topps, Sy Berger, alisimulia kwamba mwaka 1960 alipakia mabaki kwenye tishari akayamwaga baharini. Agosti 2022 moja ya zilizosalia ilifika dola milioni 12.6. Kadi hizo ni ndugu za senti yetu: ajali ndiyo iliyozifanya chache.

Watu walipoona bei hizo, katika miaka ya 1980 walianza kuhifadhi kila kadi. Kampuni zikachapa bila kikomo, na kwa sababu kila mtu alihifadhi, hakuna kilichoadimika. Maelfu ya watu walibaki na masanduku yasiyo na mnunuzi. Ndipo kampuni zikabuni dawa. Mwaka 1990 Upper Deck ilificha katika pakiti zake kadi 2,500 zilizotiwa saini na Reggie Jackson. Muda si mrefu zikaja kadi zenye namba, kisha kadi ya pekee duniani. Mwaka 2023 waliochapisha mchezo wa Magic: The Gathering walificha kadi moja tu ya Pete Moja katika pakiti walizosambaza ulimwenguni. Iliibuka Kanada, na mwanamuziki Post Malone akainunua kwa takribani dola milioni mbili.

Madhara yake kwa wapenzi wa kadi yameonekana. Pakiti iliyokuwa furaha ya mtoto imekuwa tiketi ya bahati nasibu: hufunguliwa, hukaguliwa kwa sekunde chache, na kadi zote zisizo ile inayosakwa huachwa kwenye kikapu. Walanguzi hununua shehena nzima, mtoto akifika dukani hakuna kitu. Machi 2021 kampuni ya PSA, inayothibitisha kadi na kuzipa daraja, ilisitisha kupokea kazi kwa watu wengi kwa sababu ya mlundikano. Mei mwaka huohuo maduka ya Target nchini Marekani yaliacha kwa muda kuuza kadi baada ya wateja kupigana nje ya duka na bastola kutolewa. Ughushi nao hufuata bei popote inapopanda, kwenye kadi kama kwenye sarafu.

Kuna wanaosema bila kadi adimu kampuni zingefilisika na pakiti zingekosa msisimko. Hoja hiyo ina uzito. Lakini msisimko wa namna hiyo haumfundishi mtu kupenda kadi. Humfundisha kupenda kufungua. Akishakosa mara nyingi huondoka na hasira, na akipata huuza na kuondoka vilevile.

Msako unafika Kisii

Hatupaswi kudhani haya ni ya Marekani peke yake. Mwaka 2003 Benki Kuu ilitoa sarafu ya shilingi 40 yenye sura ya Rais Kibaki, kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Wakenya waliitia kabatini, na leo haionekani dukani. Imetoweka kwa kuwa imehifadhiwa, wala si kwa kuwa ni chache. Pamoja na hayo, mitandaoni hupita matangazo kwamba mnunuzi wa ng'ambo anailipia mamilioni, mradi utangulize ada ya usajili. Anayejua kisa cha kadi za miaka ya 1980 hawezi kuingia mtego huo.

Na yupo kijana wa Kisii mjini, Suneka au Nyamira anayecheza eFootball kwenye simu. Wachezaji wake ni kadi. Kuna masanduku yenye wachezaji 150 ambamo wale wa daraja la Epic ni watatu tu, na kila mzunguko hugharimu sarafu za mchezo ambazo hununuliwa kwa shilingi halisi. Ndiyo pakiti ya Upper Deck, isipokuwa hapa haibaki hata karatasi. Mwaka 2018 Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya bahati ya aina hii katika baadhi ya michezo ni kamari, na kufikia 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza huko pointi za mchezo wake wa FIFA. Kenya, ambayo imeona vijana wakimalizwa na ubashiri wa mechi, ina kila sababu ya kulitazama jambo hili kabla halijakomaa.

Ninaloliomba ni dogo, na linaweza kuanzia nyumbani. Gusii ina hazina ya sarafu ambazo zimo bado mikononi mwa wazee: senti za rupia, ndururu za Mfalme George, senti kumi za Edward zilizolika kwa vidole vya watu watatu au wanne wa ukoo mmoja. Bei yake mnadani ni ndogo, kwa hiyo walanguzi hawajazigusa. Walimu wa historia wa Kisii na Nyamira wanaweza kuwatuma wanafunzi waziulizie: ilitoka wapi, ililipa nini, nani aliificha na kwa nini. Majibu yaandikwe kwenye daftari pamoja na mwaka na herufi ya kiwanda, kama ipo. Sarafu isisuguliwe kwa mchanga wala limau, maana kusugua huiondolea ngozi yake ya miaka na kuiharibu kabisa. Kazi hii ifanywe sasa, kwa sababu waliozitumia senti hizo sokoni wanapungua kila mwaka, na simulizi zao haziwezi kununuliwa kwenye mnada wowote.